Nadhiri ya Watu Wawili

Mpunga ukianza kuinama, mwanamke wa Dutumi hana nyumba. Nyumba yake ni dungu. Kabla jua halijachomoza yuko juu ya vile vijiti vinne, kombeo mkononi, koo limekauka kwa kelele, na ndege akiwafukuza kwake wanatua kwa jirani, na jirani naye anamrudishia.

Saburi binti Pazi alikuwa juu ya dungu lake asubuhi moja, miaka michache baada ya vita vya Hitla kwisha, alipomwona mwanamke mgeni anakuja kwa njia ya bondeni. Amejifunga kanga mpya, mtoto yuko mgongoni, anatembea kama mtu asiyejua tope lipi lina chini na lipi halina.

"Hodi," mgeni alisema alipofika chini ya dungu.

"Karibu. Hapa hapana mlango, panda tu."

"Siwezi kupanda, dada, nina mgonjwa. Mimi ni Zena."

Saburi hakuuliza Zena yupi. Jina hilo alikuwa ameishi nalo tangu alipoachwa. Alikuwa amelibunia hata sura: mwanamke mnene wa mjini, mwenye jino la dhahabu na maneno mengi. Huyu aliyesimama kwenye tope alikuwa mwembamba, macho mekundu kwa kukesha, na sauti yake haikutosha hata kumfukuzia ndege mmoja. Kilichomuuma Saburi ni kwamba chuki aliyoiweka akiba miaka yote hiyo haikuja haraka kama alivyotarajia.

Akashuka.

Zena alikuwa mke wa Kitwana, na Kitwana alikuwa mume wa Saburi kabla hajawa wa Zena. Walioana Saburi alipotoka ndani alikowekwa mwali, akiwa bado anafumba macho kwa jua. Kitwana wa siku hizo alikuwa mkulima mwenye mzaha mwingi na kazi ya wastani. Akimkuta mkewe anatwanga, huchukua mchi wa pili, wakapishana kinuni, na akikosea mwendo huuambia mchi, "Wewe umelewa." Watoto hawakujaliwa. Kisha vita vikaja, majumbe wakatakiwa kutoa vijana, Kitwana akawa askari wa Keya, jeshi la Waingereza. Walisikia yuko Kenya, halafu wakasikia amevuka bahari kwenda Bama kupigana na Wajapani, halafu hawakusikia kitu.

Mwaka huo wanawake wa Kwala na Dutumi walikwenda ziara Bagamoyo, Saburi akaenda nao. Alikuwa hajapata kuona nyumba ya ghorofa. Aliuona mji ule wa mawe, milango yenye nakshi, makaburi ya mashehe na masharifu ambayo watu huyazuru kutoka mbali, na wanaume waliosimama duara wakimtaja Mungu mpaka pumzi zao zikawa sauti moja, kama kijiji kizima kinatwanga pamoja. Kwenye kaburi la shehe mmoja wa zamani, nje kidogo ya mji, kila mwanamke alisema haja yake. Saburi aliweka paji la uso kwenye ukuta wa kaburi na kusema: "Mungu akimrudisha mzima yule aliyekwenda vitani, nitakuja hapa kwa miguu yangu, mimi na yeye, tuje tukuvike shuka pamoja."

Mungu akasikia. Kitwana alirudi mzima, ana koti zito na viatu vya jeshi, na usingizi wake una kelele. Saburi alimweleza nadhiri wiki ile ile.

"Bagamoyo haikimbii," Kitwana alisema.

Akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi bandarini, akaahidi kumwita. Iliyokuja ni talaka, moja, kwa mdomo wa baba mdogo wa Kitwana, ambaye aliisema huku akitazama kuku. Saburi alikaa eda katika nyumba ile ile. Kila jioni alipika kidogo zaidi ya haja yake, kwa kuwa mwanamume ana haki ya kumrejea mkewe kabla eda haijaisha. Eda ikaisha. Chakula cha ziada akakirudisha kwenye kipimo chake.

Ikabaki nadhiri. Mwalimu Zahoro, aliyefundisha watoto Kurani pale kijijini, alimwita na kumweleza kwa upole kwamba dini haimlazimishi mtu jambo lisilo mkononi mwake. "Ipo kafara," alisema. "Lisha masikini, na kama huna, funga. Utakuwa huru."

"Nitafikiri, mwalimu."

Hakufikiri. Alikwenda Mlandizi, akanunua bafta nyeupe kwenye duka la Mhindi, akaikunja na kuiweka kapuni pamoja na ubani. Watu wakasema Saburi ni mcha Mungu, anangoja atimize kama alivyoahidi. Shangazi yake Mwanajuma, aliyemlea na asiyependa kudanganywa, alisema jingine.

"Hiyo si nadhiri, mwanangu. Hiyo ni kamba. Umemfunga mwanamume wa watu, na upande mmoja umeushika wewe."

"Mimi sijamfunga mtu, shangazi."

"Basi iachie tuone."

Sasa Zena alikuwa amekaa kwenye gogo, mtoto amempakata. Mtoto aliitwa Mwishehe, hajaanza kutembea ingawa umri ulikwisha fika. Homa humjia, humwacha, humrudia. Wamempeleka hospitali, amepewa dawa chungu, akapata nafuu, ikarudi. Mwishowe walikwenda kwa mwalimu mmoja wa huko mjini, akafungua kitabu chake na kuuliza: baba wa mtoto huyu ana ahadi gani isiyotimizwa?

"Baba yake akanyamaza," Zena alisema. "Usiku mzima amenyamaza. Asubuhi ndiyo akaniambia."

"Kwa nini hakuja mwenyewe?"

"Ameona haya, dada. Nikaona mtoto wangu hawezi kungoja haya za mtu."

Kwenye shamba la pili jirani alipaza sauti: "Saburi! Leo umewaalika ndege karamu?"

Kweli walikuwa wametua, wingu zima. Saburi hakuinua kombeo. Alikuwa akimtazama mtoto, kisogo chake chembamba, na lile sikio la kushoto lililojitokeza mbele kidogo kama la baba yake. Angeweza kusema kafara ipo, waende wakafunge. Ingekuwa kweli.

"Mwambie aje," alisema. "Nadhiri ni ya watu wawili."

Shangazi Mwanajuma alipopata habari hakushangaa. Alikuwa akimenya mihogo, akaendelea kumenya.

"Ukienda unajua inakwisha," alisema.

"Najua."

"Unajua kwa mdomo."

Saburi akasema lile lililokuwa moyoni. "Talaka yenyewe ilikuwa moja, shangazi. Si tatu. Nikaha mpya inafungwa siku moja."

"Ndiyo maana nakuja nanyi. Mtu na mtalaka wake hawatembei peke yao njia ya siku mbili. Nitakaa katikati kama kisiki."

Zena alirudi mjini na ujumbe, na baada ya siku chache Kitwana alifika pamoja na Zena na mtoto kwa gari moshi mpaka Ruvu, wakamalizia kwa miguu. Nywele zilikuwa zimeanza kumtoka Kitwana mbele. Alivua kofia mlangoni pa nyumba aliyoijenga mwenyewe, akapiga hodi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kumbe miguu unayo. Sisi tulidhani uliiacha Bama."

"Ninayo, shangazi."

"Haya, karibu ndani. Nyumba unaijua, isipokuwa paa tumelibadilisha."

Alimsalimu Saburi akitazama kizingiti. Naye Saburi aliitikia, akagundua hana la kumwita. Alipokuwa mkewe hakumtaja kwa jina, kwa heshima. Sasa heshima ile haikuwa yake tena, na jina hakuwa amelizoea mdomoni.

Walikubaliana Zena abaki na mtoto katika nyumba ya Saburi, na alinde mpunga. Saburi alimpandisha dunguni, akamwonyesha namna ya kuweka udongo kwenye kombeo.

"Mimi sijui kurusha, dada."

"Utajua. Ndege hawaulizi."

Alimwonyesha kitanda, mtungi, na mahali anapoficha chumvi ili isipate unyevu. Alipotoka na kapu lake alimwacha mwanamke yule amesimama katikati ya nyumba, na kwa mara ya kwanza alijiuliza kama Zena naye anaogopa: mumewe anakwenda safari na mke wa kwanza, naye amebaki kulinda mpunga wake.

Walitembea Kitwana mbele, shangazi katikati, Saburi nyuma. Masika yalikuwa yamekatika juzi tu na njia ilikuwa na madimbwi yenye vyura. Walipita Mlandizi bila kusimama. Lori lilikuwapo likipakia mihogo mikavu, na dereva akasema anakwenda upande wao. Kitwana akageuka, akamtazama Saburi kwa kuuliza.

"Nilisema kwa miguu," alijibu.

"Basi ni kwa miguu," Kitwana akasema, bila kinyongo.

Kwenye kijito kilichojaa ilibidi wavuke juu ya gogo. Shangazi alivuka kwa kukaa na kujisogeza kama mtoto, akiwalaani waliolitupa gogo pale. Kitwana alivuka, akageuka. Hakumpa Saburi mkono, maana haukuwa halali tena. Alimnyooshea ncha ya fimbo. Saburi akaishika, naye ameshika ncha ya pili, wakavuka hivyo, mti mmoja kati yao, na Saburi alisikia kwenye kiganja chake mkono wa Kitwana ukikaza kila aliposita. Alipofika ng'ambo aliiachia ncha haraka mno.

Mbele ya Kikongo, walikolala kwa jamaa za shangazi, walimkuta mzee wa Kinyamwezi anachoma mahindi kando ya njia. Alikuwa amebaki nchi hii tangu kazi za mkonge, na alipowasikia wanavyosema tu, akajua watani wake wamefika. Hakutoa salamu. Alisimama, akamvua Kitwana kofia, akaivaa.

"Wazaramo hawa wanakwenda wapi na nyuso za matanga? Nani amekufa, nikazuie jeneza nilipwe?"

"Hajafa mtu, mzee. Rudisha kofia," Kitwana alisema.

"Kofia imekwenda. Na huyu mkeo, mbona unamburura nyuma kama mbuzi wa mnada?"

Shangazi ndiye aliyeokoa. "Si mkewe."

"Aa. Basi ni wangu. Mzaramo akitupa, Mnyamwezi anaokota. Mama, unajua kupika ugali wa mtama?"

"Najua kupika," Saburi alisema, "lakini kwa wanaume wenye meno."

Mzee alicheka mpaka akashika magoti, na kweli meno hakuwa nayo. Kitwana naye akacheka, kicheko kile cha kinuni, ambacho Saburi hakuwa amekisikia tangu Kitwana atoke vitani.

"Mwache huyu, mzee," Kitwana alisema akichukua kofia yake. "Huyu humwezi."

Mzee akawapa mahindi bure, wakaenda zao. Njia iliyobaki Saburi aliitembea na maneno hayo. Huyu humwezi. Aliyageuza huku na huku kama mtu anayechambua mchele gizani kwa vidole. Kwani mtu husema hivyo juu ya kitu alichokitupa? Kila walipopumzika aliona dalili mpya: Kitwana amechagua kivuli kipana, amemwachia mahali pakavu, amekumbuka kwamba yeye hali papa. Shangazi Mwanajuma aliona anavyoona, akawa anakohoa.

Waliingia Bagamoyo siku ya Ijumaa, watu wametoka kuswali. Mji ulikuwa umechakaa kuliko alivyoukumbuka. Majumba mengine yalikuwa yamepoteza paa, mbuzi wamelala kwenye baraza za matajiri wa zamani, lakini milango ilikuwa ile ile, na barabarani walipita wageni wa ziara na bendera zao za kijani wakitoka Kisarawe, Mzenga, Maneromango. Kutoka uani mwa nyumba moja ilisikika zikri. Saburi alisimama. Ile sauti ya pumzi za watu wengi ilikuwa ile ile ya mwaka ule. Mwaka ule aliomba Kitwana awe hai. Sasa alijikuta anaomba Kitwana awe wake, akashtuka, kwa kuwa hakuja kuomba. Alikuja kulipa.

Kaburini palikuwa na watu wachache. Mtunza kaburi, mzee mwenye kanzu ya rangi ya chai, aliwapokea, akachukua ubani akautia kwenye chetezo.

"Mwenye nadhiri ni nani?"

"Ni mimi," Saburi alisema.

"Uliahidi nini?"

Akamweleza kama alivyosema mwaka ule, neno kwa neno. Mzee akamtazama Kitwana.

"Na huyu ni nani yako?"

Saburi alitafuta. Mume hakuwa. Ndugu hakuwa. Mgeni hakuwa.

"Ndiye aliyerudi," alisema.

Mzee akaitikia kwa kichwa kana kwamba jibu hilo limemtosha. Aliwaambia waombe kwanza, kila mtu na dua yake, kisha wavike shuka.

Saburi aliinua mikono. Kitwana alikuwa amesimama upande wa pili wa kaburi, midomo inatembea. Hakukusudia kumsikiliza. Lakini Kitwana hakuwahi kujua kuomba kimya. Alikuwa akisema Mwishehe. Ya Rabi, Mwishehe. Hakutaja vita wala kurudi kwake. Hakumtaja yeye. Alisema jina la mwanawe tu, tena na tena, bila kuongeza ombi, kama mtu aliyesahau maneno mengine yote, na machozi yakawa yanamshuka bila yeye kuyafuta. Saburi alimtazama mtu huyu kwa makini. Kumbe zile huruma zote za njiani zilikuwa za mtu mwenye hofu. Mtu aliyeshika uhai wa mwanawe mkononi huwa mpole kwa kila anayekutana naye, hata kwa gogo la kuvukia.

Walikunjua bafta, yeye huku, Kitwana kule.

"Ngojeni," mtunza kaburi alisema. "Bibi, sema kwanza kwamba umeridhika. Shuka ni kitambaa tu. Nadhiri hutoka kwa ulimi na moyo wa aliyeiweka."

Bafta ilikuwa imetanda hewani kati yao. Saburi alijua akinyamaza hakuna atakayemlazimisha. Mzee angesema njooni mwaka mwingine. Kitwana angerudi mwaka mwingine. Angerudi kila mwaka, maadamu mtoto anaumwa, na wangetembea njia hii, mbele na nyuma, na angemnyooshea fimbo. Alimwona shangazi ameinamisha macho, hamsaidii. Upande wa pili wa bafta Kitwana alikuwa bado anataja jina la mwanawe.

"Mimi Saburi binti Pazi," alisema. "Niliahidi kwamba Kitwana akirudi mzima tutakuja mimi na yeye. Amerudi. Tumekuja. Nimeridhika, sidai kitu."

Jina lilimtoka vizuri, kama jina la mtu yeyote.

Wakakiteremsha kitambaa juu ya kaburi, mzee akasoma Fatiha, wakaitikia amina.

Nje, karibu na ukuta, Kitwana alimngoja. Shangazi alikuwa nyuma akijinyunyizia marashi aliyogawiwa.

"Saburi. Kuna neno nilitaka kukwambia tangu—"

"Usiliseme," alijibu. Hakusema kwa ukali. "Twende. Umeacha mgonjwa nyumbani."

Alitaka kulisikia. Njia nzima ya kurudi alitaka kulisikia, na kila Kitwana alipogeuka kuangalia kama wako pamoja, yeye alijifanya anatoa mwiba mguuni. Kwenye kijito maji yalikuwa yamepungua. Alivuka peke yake.

Walimkuta Zena juu ya dungu, sauti imemkauka kabisa, anawafukuza ndege kwa kupiga debe. Aliposhuka hakumtazama mumewe kwanza. Alimtazama Saburi.

"Imekwisha?" alinong'ona, kwa kuwa hakuweza zaidi.

"Imekwisha."

"Ahsante, dada." Kisha akaongeza, kama mtu anayetoa hesabu, "Upande wa mashariki wamekula kidogo. Nilishindwa."

"Huo hata mimi hunishinda."

Mtoto alikuwa bado na homa. Ilikuwa imeshuka jana, Zena alisema, ikapanda alfajiri.

Walilala, na asubuhi wakafunga mizigo yao kuwahi gari moshi. Saburi akawasindikiza, kama mtu anavyosindikiza mgeni. Desturi ingemtosha mpaka mwisho wa mashamba. Hapo walisimama, wakaagana, na Saburi akasema, "Twendeni kidogo." Walipofika kwenye njia panda wakaagana tena. Zena alikuwa amechoka, kanga inateleza, mtoto analia kile kilio kidogo cha asiyekuwa na nguvu.

"Nipe," Saburi alisema.

Alimfunga Mwishehe mgongoni kwa kanga yake mwenyewe. Mtoto alikuwa wa moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi, na mwepesi kuliko alivyodhani. Akatembea naye. Kitwana alikuwa mbele na mzigo, Zena kando yake, wakizungumza juu ya kodi ya chumba na jirani mmoja mgomvi, mazungumzo ya watu wa nyumba moja. Saburi alikuwa nyuma yao, anamtikisa mtoto kidogo kidogo kwa hatua zake. Baada ya muda kilio kikakoma. Kichwa kikalala begani pake.

Hakurudi kwenye njia panda ya pili. Alikwenda nao mpaka stesheni ya Ruvu, na gari moshi lilikuwa linakuja, linasikika kwa mbali.

"Dada, umetusindikiza mbali mno," Zena alisema. "Rudi sasa."

Saburi akafungua kanga. Alipomtoa mtoto, alihisi baridi mgongoni. Gauni lake lilikuwa limelowa kuanzia mabegani mpaka kiunoni.

"Ametoka jasho," alisema. "Mguse."

Zena akamgusa mwanawe shingoni, akamgusa kifuani, akamgusa tena shingoni. Kitwana aliweka mzigo chini, naye akagusa. Vichwa vyao vilikuwa vimeinama pamoja juu ya mtoto, na Saburi alikuwa ameshika kanga iliyolowa, hajui aikunje au aiache hivyo.

Walipanda. Dirishani Zena alimpungia kwa mkono wa mtoto. Kitwana alivua kofia, akaishika kifuani mpaka behewa likapinda kona.

Njia ya kurudi Dutumi ilikuwa wazi na upepo unavuma kutoka bondeni. Saburi alitembea polepole, kwa sababu mpunga ulikuwa unamngoja na ndege hawana subira, na kwa sababu mgongo wake ulikuwa unakauka, naye hakutaka ukauke upesi.